Hewala Haikuleta Maji

Paukwa!

Pakawa!

Kah! Mbona mmewahi hivyo? Hata pumzi sijavuta, mmeshajibu. Na kama nilitaka kuwauza gulioni? Haya, tuanze upya, taratibu. Paukwa!

Pakawa.

Hapo sawa. Sogeeni. Na nyinyi watu wazima mlioegemea ukuta, msijifanye mmekuja kuchukua watoto. Masikio yenu nayaona.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na chemchemi. Maji yake baridi, safi, ukichungulia unaona kokoto za chini. Na juu ya chemchemi palikuwa na jiwe. Na juu ya jiwe alilala Simba.

Simba ndiye mfalme. Simba anywe, wakeze wanywe, wanawe waoge. Chubwi! Chubwi! Yakishatibuliwa, maji yanateremka, yanaingia dimbwini. Huko dimbwini ndiko walikokunywa wanyama wengine wote. Maji ya dimbwi hayanyweki, yanatafunwa.

Kila Ijumaa Simba aliita baraza. Anapanda jiwe, ananguruma: "Nguuuru! Raia wangu, leo nimeamua kwamba..."

"Hewala!" wanaitika wanyama wote.

Hajasema alichoamua, wamekwisha kukubali. Kwa nini? Palikuwa na Kuro mmoja, mwenye pembe nzuri, akasema yeye atangoja asikie mwisho wa maneno ndipo aitike. Siku hizi hayupo. Mkewe kaolewa na nduguye, tena haraka haraka, lakini hayo si ya leo.

Basi wanyama wakajifunza. Mdomo utangulie, sikio litafuata. Hewala ukiitoa mapema, unarudi nyumbani na ngozi yako.

Na hakuna aliyejua kuitika kama Digidigi. Kinyama kidogo, miguu kama vijiti vya mishikaki. Lakini sauti! "Hewalaaa!" Yeye kwanza, wengine nyuma yake. Akirudi nyumbani anamwambia shoga yake Kanga, "Shoga, leo umenisikia?"

"Nani asikusikie? Mpaka makinda yangu yameamka."

"Simba kanitazama, shoga. Kanitazama hivi, kwa jicho la huruma."

"Huruma au njaa?"

Wanacheka, kwi kwi kwi. Walikuwa wanapendana wale wawili. Wakigawana kivuli, wakigawana siri, na siri za wenzao wakigawana zaidi.

Basi Simba akazeeka. Ijumaa moja akapanda jiwe, akafungua kinywa angurume. Nguuu... Jino la mwisho likatoka, ti! Likaangukia majini, chubwi! Na ngurumo yote ikageuka upepo: pfffu.

Tumbili akacheka. Wanyama wakafumba macho wasione Tumbili anavyoliwa. Wakangoja. Wakafumbua jicho moja. Tumbili yuko palepale, anajikuna. Basi bonde zima likacheka! Nyati akacheka, Sungura akacheka, hata wakeze Simba wakacheka. Simba akashuka jiweni, tifu, tifu, akaenda zake. Mpaka leo hajarudi.

Usiku ule wanyama hawakulala. Ngoma, vigelegele. Asubuhi wakasema, "Sasa hatutaki mfalme. Tunataka mwenyekiti, tena tumchague wenyewe. Kila mnyama na kokoto yake."

"Tumchague nani?"

Digidigi akasema, "Ngiri! Nyie, mmemwona Ngiri akila? Anapiga magoti! Mnyama anayepiga magoti mbele ya nyasi, atamwonea nani?"

"Mnyenyekevu yule," akasema Nyati.

"Mnyenyekevu sana," wakasema wote.

Kanga peke yake akanong'ona, "Anapiga magoti kwa sababu shingo yake fupi." Digidigi akamkanyaga mguu anyamaze.

Kokoto zikawekwa. Ngiri akashinda.

Ijumaa ikafika. Ngiri akatoka kifua mbele. Akatafuta pa kusimama. Akapanda wapi? Semeni wenyewe. Jiwe lilelile.

"Ndugu zangu!" akasema Ngiri. "Mimi si mfalme, mimi nawauliza. Chemchemi sasa ni mali yetu sote!"

"Hewalaaa!" akaitika Digidigi. "Hewala!" wakapokea wote. Bonde likatikisika.

"Na mali ya wote inataka mlinzi..."

"Hewalaaa!"

Ngiri akaendelea kusema, maneno mengi tu. Mdomo ulionekana unakwenda juu, unakwenda chini. Lakini nani angesikia, na hewala inavuma kama mvua ya mawe? Alipomaliza akainamisha kichwa, wakampigia vigelegele, wakaenda nyumbani.

Kesho yake wakakuta boma la miiba limezunguka chemchemi. Ndani yupo Ngiri, na mkewe, na wajomba wa Ngiri, na mashemeji wa wajomba. Na mnamjua ngiri. Simba alikuwa anaoga. Ngiri anagaagaa! Maji yakafika dimbwini yakiwa tope tupu.

Wanyama wakatazamana. Nyati akasema, "Mbona kama..."

"Kama nini?" Digidigi akamkata. "Simba alikuwa hatuulizi. Huyu anatuuliza. Na tumejibu wenyewe, kwa vinywa vyetu. Huo ndio uhuru, bwana Nyati, usiutie mkosi."

Nyati akanywa tope lake.

Kiangazi kikaja. Jua kali. Dimbwi likanywea, likanuka. Makinda ya Kanga yakashikwa na tumbo. La kwanza likafa. Na la pili. Kiota kikabaki kitupu, na mama yao yuko pembeni anatazama ndani kama aliyesahau kitu.

Digidigi akaenda kuhani. Akakaa chini, akajifunika uso kama inavyotakiwa. "Pole, shoga. Ndiyo mapenzi ya Mungu."

Kanga akamtazama. "Mungu ndiye aliyeweka miiba?"

Digidigi akatazama kando. Palikuwa na mchwa anapita. Akamtazama mchwa mpaka akaisha kupita.

Ijumaa ile Kanga akaja barazani. Hakuja na manyoya yaliyopangwa, alikuja kama alivyoamka. Ngiri alipokohoa kuanza, Kanga akasimama. "Mwenyekiti, mimi nina neno. Wanangu wamekufa kwa maji. Nataka kuuliza, hivi ile miiba..."

Ngiri akaona mambo yanaharibika. Akawahi. "Basi ndugu zangu, kama tulivyokwisha kukubaliana..."

"HEWALAAA!"

Nani huyo? Digidigi. Aliapa baadaye kwamba hata yeye hakujua mdomo ulifunguka saa ngapi. Ulizoea. Uliona jiwe, ukaona aliyesimama juu ya jiwe, ukafunguka. Na wote wakapokea, "Hewala!" Neno la Kanga likazama humo kama jino la Simba, chubwi.

Kanga akabaki amesimama, mdomo wazi. Halafu akakaa. Alipokuwa anakaa akageuka, akamtazama shoga yake. Afadhali angetukana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Digidigi aliisikia sauti yake mwenyewe masikioni. Alipotembea, ilitembea. Alipojificha kichakani, ilimkuta kichakani.

Siku hazikupita nyingi, Kijiti akashikwa na tumbo. Kijiti ndiye mwanawe, wa pekee. Asubuhi alisimama akitetemeka. Mchana alilala. Jioni mama yake akamwita, "Kijiti," mtoto akatikisa sikio moja tu.

Digidigi akakimbia mpaka bomani. Akasimama nje ya miiba, akapiga hodi. Akatoka Ngiri mwenyewe, tope linamchuruzika.

"Mheshimiwa, mwanangu anaumwa. Naomba maji, yale ya juu, kidogo tu, ya kwenye jani."

Ngiri hakukasirika, na hapo ndipo palipouma. Akasema kwa upole, "Ningekupa, mama. Lakini tulikubaliana wote kwamba chemchemi isiguswe ila na walinzi. Na wewe ndiwe uliyeitika kwanza. Nilikusikia kwa masikio yangu haya. Sasa nivunje neno lako?"

Digidigi akafungua mdomo. Lile neno alilolizoea likaja ulimini. Akaling'ata.

Akarudi nyumbani bila maji, uso unamwaka. Njiani akapita kwenye mti wa Kanga. Akatamani kumwita. Akainamisha kichwa, akapita. Usiku kucha akamlambisha mtoto umande wa majani, jani moja, jani jingine. Na kulipopambazuka ilikuwa Ijumaa.

Ngiri akapanda jiwe. "Ndugu zangu, mimi nawauliza! Maji yamepungua. Kwa hiyo, kwa faida yetu sote, dimbwi nalo..."

Kimya.

Ngiri akashtuka. Wanyama wakashtuka. Wote walikuwa wamevuta pumzi, wanangoja Digidigi aanze wapokee. Hata hawakujua kama huwa wanamngoja, mpaka siku aliyonyamaza. Wakamgeukia. Nyati kamgeukia, Sungura kamgeukia. Na huko nyuma, Kanga naye.

Digidigi akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Sikusikia."

"Hukusikia nini?" akauliza Ngiri.

"Uliyosema. Rudia."

Tumbili akacheka. "Leo kaziba masikio!"

"Nimezibua," akasema Digidigi. "Rudia, mwenyekiti."

Ngiri akakohoa. "Nimesema dimbwi nalo liwe chini ya ulinzi. Anayetaka kunywa aje kuomba ruhusa kwangu."

Maneno yakasimama peke yake katikati ya baraza, uchi, bila hewala ya kuyafunika.

"Rudia na yale ya Ijumaa ya kwanza," akasema Digidigi. "Hayo pia sikuyasikia. Niliitika, lakini sikuyasikia."

Ngiri akatazama huku na huku. "Nilisema... mlinzi na ukoo wake wakae chemchemini. Na wengine... wengine waendelee na dimbwi."

"Rudia."

Safari hii sauti ya Ngiri ilikuwa ndogo kama ya panya. "Na wengine..." Hakumaliza.

Nyati akauliza polepole, "Hayo ndiyo tuliyoitikia?"

"Hayo ndiyo," akasema Sungura.

Basi ikaingia haya katika bonde, haijapata kuonekana. Nyati akatazama kwato zake. Sungura akajifunika na masikio. Tumbili, yule mchekaji, akashika kichwa. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole, maana kila mmoja alikuja barazani na mdomo wake, na aliufungua mwenyewe.

Nyati akatangulia. Wakaenda bomani, wakang'oa miiba, kwa pembe, kwa meno, kwa mikono. Wajomba wakatimka, mashemeji wakatimka. Ngiri akarudi nyuma, akarudi nyuma, akajitia shimoni kinyumenyume, matako kwanza.

Wanyama wakakaa chini, si juu ya jiwe. Jiwe walilisukuma, puu, likaenda kuzibia pale maji yalipokuwa yanapotea. Wakachimba mifereji, kila mwenye kwato alichimba, maji yakafika kila upande wa bonde. Wakapatana: watoto wanywe kwanza, kisha wazazi wao, kisha wengine, na mwenyekiti anywe mwisho, ajue ladha ya yaliyobaki. Na uenyekiti uwe wa msimu mmoja, kisha kokoto zirudi. Na mnyama yeyote, hata awe mchwa, akisema "Rudia," mwenye kusema arudie.

Kijiti akanywa. Akalala. Akaamka. Akasimama kwa miguu yake minne, akapiga chafya. Mama yake akalia kwa furaha.

Halafu akainua macho, akamwona Kanga ng'ambo ya mfereji, anakunywa peke yake. Akamwendea. Akasimama karibu. Kanga akameza maji yake, akasema:

"Mama Kijiti. Sauti ile, siku ya wanangu, ilikuwa wapi?"

Mama Kijiti, kamwita. Siyo shoga. Mmesikia?

Na Digidigi, bingwa wa kuitika, akalia. Machozi haya hayakuwa ya furaha, yalikuwa meusi, yakamganda pembeni mwa macho. Kanga akamtazama. Akasogea kidogo, akampa nafasi naye anywe. Lakini shoga hakumwita tena.

Ndiyo maana mpaka leo digidigi ana alama nyeusi pembeni mwa jicho. Anajipangusa na vijiti vya kichakani, huyo, anapangusa na kupangusa, na haitoki. Na ngiri mpaka leo anaingia shimoni kinyumenyume, amwone anayekuja kumwambia "Rudia."

Wazee walisema hewala haigombi. Kweli, haigombi. Lakini na maji haikuleta. Kumfukuza mfalme si kazi, mfalme anazeeka mwenyewe, meno yanatoka. Kazi ni kuifukuza ile hewala iliyobaki mdomoni. Usikubali neno kabla hujalisikia mpaka mwisho, na usitumie sauti yako kumzamisha mwenzio, maana kiu yake leo ni kiu ya mwanao kesho.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye jicho la digidigi. Aliyesikia aende nayo nyumbani. Na ambaye hakusikia asione haya, aseme tu, "Bibi, rudia."