Nguzo Iliyohitaji Migongo

Nguzo ya mji huanguka isipoegemewa. Mliusikia msemo huo jana kwa yule mama aliyekuwa akimkaripia jirani anayeona haya kwenda zahanati, mkacheka, kwa sababu nguzo mnazozijua nyinyi huanguka kwa kuegemewa mno. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, na kabla haijatamkwa kwa mdomo ilisemwa kwa mikono.

Magugwe ni mji wa nchi kame, pale reli inapopinda. Halmashauri ilisimika nguzo ya chuma sokoni, ikatundika juu yake kisanduku cheupe cha mtandao wa bure. Ilikuwa ya majaribio: ikifaa, kila kata ipate yake. Hakuna aliyeifurahia kama Nyamizi, fundi cherehani, na furaha yake ilikuwa kwa ajili ya kaka yake Shija.

Shija alikuwa fundi viatu, kiziwi tangu utotoni, na herufi zilimpiga chenga. Binti yake wa pekee, Kabula, alifundisha shule ya viziwi katika mji wa mbali. Barua hazikumfaa Shija, na simu ya sauti ndiyo kabisa. Lakini chini ya nguzo ile, mgongo kauegemeza kwenye chuma, simu kaisimamisha ndani ya kiatu cha mteja, baba alizungumza na binti kwa mikono kila alasiri, mpaka rangi ya nguzo ikachubuka pale mgongo ulipopazoea. Nyamizi alimtazama toka kwenye cherehani yake na kushukuru kimoyomoyo. Hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu afiwe na mkewe.

Siku moja mtandao ukawa mzito. Watu wa Magugwe hawakungoja kuambiwa la kufanya. Wamekulia kwenye kisima kimoja, na kisima kikipungua, kila nyumba huchota ndoo mbili ikaondoka, maji yapate kujaa. Nyamizi ndiye aliyesimamia zamu za kisima, akapanga na zamu za nguzo. Kila mtu, siku ya zamu yake, salamu tu, kisha azime. Kuonana kwa picha, kunakokunywa mtandao sana, iwe Jumamosi peke yake.

"Na Shija je?" aliuliza muuza dagaa.

"Shija ni ndugu yangu. Ndiyo maana ataanza yeye kujinyima."

Shija hakubisha. Alichukua kigoda chake akahamia upande wa pili wa soko.

Ikapita miezi mitatu. Jumatatu moja ukaja ujumbe: Kabula kajifungua salama, mtoto wa kike. Nyamizi alimtafsiria kaka yake kwa mikono. Shija akauliza, anafanana na nani? Nyamizi akamwinulia vidole vitano. Siku tano, hadi Jumamosi.

Kesho yake akaja Mgaya, fundi wa halmashauri, akaegemeza ngazi kwenye nguzo na kuanza kupima bolti.

"Kulikoni, fundi? Imeharibika?" aliuliza Nyamizi.

"Nzima kabisa, shangazi. Inang'olewa. Alhamisi madiwani wanakuja kuiangalia mara ya mwisho, kisha wanapiga kura. Mitambo inahesabu wanaojiunga: mwanzo mia tatu kwa siku, sasa hawafiki ishirini. Wanasema mmeisusa. Na kata nyingine nazo basi tena."

"Tumeisusa? Tumeitunza, baba. Tunaibania isikauke."

Mgaya akashuka taratibu. "Mnaibania vipi?"

Akaelezwa habari za ndoo mbili. Kicheko kilimjia, akakimeza. "Shangazi, kisima ukikiacha kinajaa. Mtandao ukiuacha haujai. Ulipokuwa mzito mngetuita tuupanue. Wingi wenu ndio ungekuwa sababu."

"Hakuna aliyetuambia."

"Kweli, hapo kosa ni letu. Lakini kwenye karatasi yangu nyinyi hampo."

Nyamizi hakufikiria kura. Alifikiria vile vidole vitano. Alivuka soko mpaka kwa Shija, akamwambia kwa mikono: nimekosa, kaka. Njoo.

Shija akarudi mahali pake, mgongo kwenye chuma, simu ndani ya kiatu. Mtoto alikuwa na paji la uso la marehemu mama wa Shija na Nyamizi. Shija aliligusa kwa kidole kwenye kioo, na Nyamizi akakimbia kutoka genge hadi genge akifuta zamu.

Alhamisi madiwani walikosa pa kukanyaga. Watu waliizunguka nguzo na simu zao: huyu anaagiza vitenge, yule anamsomesha mumewe kilimo cha alizeti.

"Mbona ripoti ilisema hapa hapana mtu?" aliuliza mwenyekiti.

"Tulizidisha adabu, mheshimiwa," alijibu muuza dagaa, soko zima likacheka.

Shija akasimama. Alisimamisha mkono mmoja wima kama nguzo, akauegemeza wa pili kwake. Kisha akauondoa ule wa pili, na ule uliosimama ukaanguka. Watu wakamgeukia Nyamizi awape maneno, naye akawapa.

Nguzo haikung'olewa. Mtandao ulipanuliwa, na kata moja baada ya nyingine ikapata wake. Mgaya alipokuja kuipaka nguzo rangi mpya, alipaacha bila rangi pale palipochubuliwa na mgongo wa Shija. Mpaka leo pako vile vile, na wapitao hupagusa wakisema ahsante.

Kwa hiyo yule mama hakumtukana jirani yake. Alimwambia aende zahanati, kwa faida yake na ya zahanati yenyewe. Nguzo ya mji huanguka isipoegemewa.