Vitunguu vya Bi Digidigi

Wanangu, kabla sijaanza niungame jambo. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika penye kilio nilikuwa naparuka, ili mcheke tu yaishe. Nilikosea, Mungu anisamehe. Leo naisimulia nzima.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao, sheha wa mtaa alikuwa Nyati. Ukame ulipoua wengi, Nyati akatoa amri: "Huzuni inaambukiza kama upele! Hapa hakuna matanga, hakuna kilio. Atakayeonekana na chozi, kisima hiki asikikanyage!"

Na kisima kilikuwa hicho kimoja tu.

Bi Digidigi, mdogo kuliko wote pale, alikuwa ametoka kufiwa na mumewe. Yeye alikimeza kilio chake. Lakini binti yake Kidawa, alipoambiwa "Nyamaza, tutanyimwa maji," alinyamaza kweli kweli. Hakulia, hakusema, hakula. Uji ulipoa mbele yake asubuhi, ukapoa jioni. Mbavu zikaanza kuonekana.

"Onja kidogo tu, mama," Bi Digidigi alimbembeleza.

Kidawa akatikisa kichwa.

Bi Digidigi akamtazama, akasema moyoni: "Ee Mola, kilio kimemkaba kooni huyu, ndiyo maana chakula hakipiti. Lazima alie. Na maji lazima tunywe. Vyote viwili!"

Akajifunga kanga kiunoni. Huyoo, mpaka kwa Nyati, tiki tiki tiki!

"Hodi!"

"Karibu. Hujalia, natumaini?"

"Nilie mimi? Macho yangu makavu kama jiwe la kusagia, mzee wangu. Nimekuja na shauri. Mtaa mzima tumekutii, basi tufanye karamu ya furaha. Pilau nitapika mwenyewe."

Fisi, askari wa Nyati, kusikia pilau alicheka mpaka akajigonga ukutani. "Kwe-kwe-kwe! Kubali, mzee! Kubali upesi!"

"Ila kazi moja imenishinda," akasema Bi Digidigi, kichwa chini. "Magunia mawili ya vitunguu. Nilitaka kumwomba Kiboko anikatie, lakini wanasema hataweza."

"Nani hataweza?" Kiboko akafoka kutoka barazani. "Shemeji, unanijua au unanisikia? Mimi navunja mitumbwi!"

"Na mimi nitakata!" akasema Nyati. "Kitunguu ni kitu gani? Leteni visu!"

Basi kulipokucha, wakubwa hao watatu, Nyati, Kiboko na Fisi, wakaketi jikoni kwa Bi Digidigi. Mlango ukarudishwa, eti nzi wasiingie. Kidawa alikuwa pembeni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Kacha! Kacha! Kacha!

Fisi akawa wa kwanza kupepesa macho. "Mimi silii, jamani."

"Nani kasema unalia? Kata!" Nyati akanguruma, na pua yake inachuruzika. Mara machozi hayo, tiriri, mpaka kidevuni.

Majirani wakachungulia dirishani. "Haa! Sheha analia!"

"Silii! Ni kitunguu!"

"Amri yako ilisema chozi, mzee wangu," akasema Bi Digidigi, anakoroga chungu taratibu. "Haikuuliza limetoka wapi."

"Umetuhadaa, kijinyama wewe!" Kisu cha Nyati kikaanguka, kwang'! "Tupeni vitunguu vyote nje! Fungueni mlango!"

Vikatupwa. Upepo ukaingia. Fisi akapangusa macho, akakauka. Nyati akakauka. Lakini Kiboko, machozi yanamtoka tu.

"Wewe, vitunguu vimekwisha. Unalia nini?" akauliza Nyati.

"Nimemkumbuka mama," akasema Kiboko. "Siku aliyokufa uliniambia nikachimbe kisima, nisikae bure nikawaza. Nikachimba. Sikumlilia hata kidogo." Akaachia: "Moooo-hooo!" Vyungu vikatikisika.

Nyati akamgeukia Bi Digidigi. "Unaona ulilofanya?"

"Kwa vitunguu nimewahadaa, nakiri. Hiki kilio cha sasa si changu."

Nyati akataka kukaripia, badala yake akaokota gunia tupu la vitunguu. Watu wote walijua: ndama wake wa kwanza alikufa kwa kiu, kisima hakijafika maji.

"Nikianza mimi, bibi," akauliza polepole, "nitanyamaza lini?"

"Ukichoka, mzee wangu. Mimi nipo hapa, napika."

Basi Nyati akalia. Dume zima lile, mapembe yote yale, analia amekumbatia gunia tupu.

Kidawa akayatazama hayo. Akasimama, akaenda kwa mama yake, akaficha uso kwenye kanga.

"Mama, namtaka baba."

"Najua, mwanangu. Na mimi namtaka."

Wakalia, mama na mwana, na hakuna aliyewaambia nyamazeni.

Fisi akajikuna. "Sasa kisimani namzuia nani?"

Nyati akapenga kamasi. "Ukimzuia mmoja, unizuie na mimi. Amri nimeifuta. Leo tunaweka matanga ya wafu wetu wote."

"Na pilau?"

"Lipo," akasema Bi Digidigi. "Ila halina kitunguu hata kimoja, mmevitupa wenyewe."

Wakala hivyo hivyo. Kidawa naye akala, huku machozi yakimdondokea kwenye sahani. Huzuni haikumtoka siku ile, alikula nayo. Kisha akanyoosha sahani aongezwe, na Bi Digidigi akamwongezea mpaka pomoni.

Huzuni inayoruhusiwa kutoka haimdhuru mtu kama ile anayolazimishwa kuifungia ndani.

Nami nina ombi moja tu kwenu. Ukifika nyumbani, mwulize mmoja wa kwenu ni jambo gani linamuuma, kisha umwache aseme mpaka amalize.