Fulana ya Mei Mosi

Kila Mei Mosi, siku ya mwisho ya kukubali nafasi za vyuo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya sekondari ya mjini kwetu, jimboni Wisconsin, Marekani, huja wamevaa fulana za vyuo watakavyokwenda. Hupigwa picha ukumbini, hukatiwa keki, na wazazi hukagua fulana za watoto wa wenzao kama wanunuzi wakaguavyo ng'ombe mnadani. Mwenye fulana ya chuo chenye jina hutembea kifua mbele. Mwenye fulana ya chuo cha jimbo, chenye ada nafuu, hupongezwa pia, ila kwa sauti ndogo.

Mwaka huo Corinne Pawlak alikuwa na fulana ya zambarau ya Chuo cha Whitcombe, kilichoko mashariki, ambako alikuwa amekubaliwa kusomea bayokemia. Baba yake, Dale, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, aliinunua siku ile ile barua ilipofika. Barua yenyewe ilikuwa tamu kama asali. Ilisema kwamba Corinne "ametunukiwa" dola elfu hamsini na nane kwa mwaka. Dale aliwapigia simu ndugu zake wote, na kila aliyepigiwa aliambiwa kuwa binti atasoma bure.

Wiki moja kabla ya Mei Mosi, Corinne aliisoma barua ile mstari kwa mstari, akaona kwamba ndani ya tuzo hiyo elfu thelathini zilikuwa mkopo, sehemu ndogo kwa jina lake na sehemu kubwa kwa jina la baba yake. Kwa miaka minne zingefika laki moja na ishirini elfu. Yaani walikuwa wametunukiwa deni, na wakalipigia vigelegele! Alikuwa akikitamani chuo kile tangu ana miaka kumi na miwili, na hakutaka kukiacha kwa hesabu za kukisia. Akaamua kumwendea binamu yake, Marlys, aliyesomea bayokemia hiyo hiyo katika chuo kingine chenye jina.

Marlys alikuwa akipima maziwa katika maabara ya kiwanda cha jibini. Alimpokea wakati wa mapumziko na hakumficha kitu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na kila mwezi dola mia nane za mshahara wake zilikwenda kwenye mkopo kabla hajanunua hata mkate. Corinne akauliza kama jina la chuo lilimwongezea chochote kazini. Marlys akamwonyesha kwa kidevu mwanamume aliyekuwa akipanga chupa kwenye meza hiyo hiyo.

"Unamwona Duane? Huyu kasoma chuo cha jimbo, huku akilala kwa mama yake na kula vya mama yake. Mshahara wetu ni mmoja. Tofauti yetu ni kwamba yeye ana nyumba, mimi nina fulana."

"Na nyumba yenyewe inavuja," Duane akadakia bila kugeuka.

Corinne hakucheka. "Kwa hiyo bayokemia hailipi?"

"Inalipa, mdogo wangu, ila si hapa chini. Wanaolipwa vizuri ni wenye shahada ya udaktari wa sayansi, na huko chuo ndicho kinachokulipa wewe usome. Nilipata nafasi huko. Benki iliyonikopesha ikakataa kunisubiri nimalize, nikabaki na maziwa."

Ijumaa hiyo, kama ilivyo ada kwetu, Dale alimpeleka bintiye kula samaki wa kukaanga. Corinne akamsomea mstari ule wa mkopo taratibu, akiogopa kumvunja moyo. Dale aliendelea kukamulia limau samaki wake.

"Najua," alisema. "Niliuliza mwezi uliopita. Wakaniambia nikiendesha gari mpaka nifike miaka sabini na moja, deni litakuwa limeisha."

Corinne akaiweka barua mezani. "Mbona ami na mashangazi bado wanajua ni bure?"

"Kwako wewe ingekuwa bure."

Corinne akamwambia kwamba atakwenda chuo cha jimbo na kulala nyumbani. Jina kubwa atalifuata kwenye udaktari, walipe wao. Dale alibisha, akataja ndugu, akataja majirani. Bintiye akamjibu kwamba majirani hawatamsaidia kuendesha gari la theluji.

Dale akaweka uma chini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na machozi yalimlengalenga mbele ya watu.

"Mgongo unaniuma tangu Krismasi," alisema. "Sikutaka ujue."

Corinne alilia waziwazi, kwa huruma na kwa hasira ya kufichwa, kisha akamkatia baba yake mkate. Whitcombe kingempendezesha mbele za watu kwa miaka minne, na mgongo wa baba yake ungekaa wazi kwenye baridi kwa miaka kumi na mitatu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.