Fuko Anunua Chuma Kizito Kuliko Vyote

Ngano jamani, ngano!

— Itue, tuipokee!

Nzito hii!

— Tuko wengi!

Ina hasira ndani yake!

— Hata sisi tunayo!

Haya, sogeeni. Ngano hii nimetembea nayo tangu asubuhi na bado inaniunguza kifua. Nikipaza sauti msinishike mkono.

Hapo kale, wanyama wanasema na miti inasikia, kulikuwa na mto, na ukingoni mwa mto kulikuwa na uwanda wa udongo mweusi, umekauka, umepasuka. Hapo uwandani Kiboko alifungua duka. Si duka la chumvi. Si duka la kanga. Duka la vyuma! Vyuma vya kunyanyua, vya kutunisha kifua. Nondo ndefu na nondo fupi, kila nondo ina kopo la zege huku na kopo la zege kule.

Mwaka ule homa ya misuli ilikuwa imewaingia wanyama. Asiyekuwa na kifua alitaka kimoja. Mwenye kimoja alitaka viwili. Kila mmoja alitaka chuma chake uani kwake, akinyanyue akiamka, akinyanyue kabla ya kulala. Na Kiboko alikuwa na dalali wake, Hondohondo, mdomo mkubwa kuliko kichwa, kazi yake kuimba juu ya paa la duka:

*Lipa kwanza, beba baadaye!*
*Kikifika kwako, chako milele!*
*Jua likitua, kibaki kwetu,*
*na ulicholeta nacho kibaki!*

Mmeisikia hiyo ya mwisho? Irudieni taratibu vichwani mwenu. Mnyama analeta chakula chake, analipa. Anapewa chuma. Akikifikisha nyumbani kabla jua halijatua, chake. Akishindwa, chuma kinabaki dukani, na chakula nacho kinabaki. Na Kiboko hajawahi, nasema hajawahi, kumuuzia mnyama chuma anachokiweza! Chuma alichonunua Nungunungu ndicho alichonunua Pimbi. Alichonunua Pimbi ndicho alichonunua Kakakuona. Chuma hicho hicho! Kimeuzwa, kikauzwa, kikauzwa tena, na hakijasogea hata unene wa unyoya!

Huo ni uuzaji?

— Unyang'anyi!

Semeni aliye nyuma asikie!

— Unyang'anyi!

Ahaa. Sasa sikilizeni.

Siku moja akaja Mama Digidigi, miguu kama vijiti vya kibiriti.

"Hodi hapa."

"Karibu mama, karibu kifua!" akaimba Hondohondo.

"Nataka kitu kidogo tu," akasema Mama Digidigi. "Vikopo viwili vya kushika mkononi. Ndiyo kwanza naanza. Kila nikishuka mtoni na mwanangu tunasukumwa pembeni, tunakunywa tope. Nataka nami nisimame nisisukumike."

Kiboko alikuwa amelala. Akafungua jicho moja. "Umesema ndiyo kwanza unaanza?"

"Ndiyo kwanza."

Akafungua la pili. "Mama, anayeanza ndiye anayehitaji kila kitu! Aliyezoea ana misuli tayari, cha nini kwake? Wewe unahitaji nondo ndefu. Unahitaji makopo makubwa. Unahitaji benchi la kulalia."

"Mimi nalala chini siku zote."

"Unahitaji mkanda wa kiuno."

"Kiuno chenyewe hiki?"

"Unahitaji kioo."

"Kioo cha nini, bwana mkubwa?"

"Cha kujitazama unavyokua."

"Seti kamili!" akadakia Hondohondo. "Seti kamili kwa mama!"

"Nyumbani una nini?" akauliza Kiboko.

"Nina kunde za kiangazi. Ni hizo tu, hakuna nyingine mpaka mvua inyeshe."

"Zilete hizo hizo."

Akazileta. Zote. Kiboko akazimwaga kwenye lundo lake la chakula nyuma ya benchi, mahali anapoliona hata akisinzia. Mama Digidigi akashika chuma. Akavuta: hiiih! Chuma kimya. Akasukuma kwa paji la uso: hiiih! Chuma kimya. Akaanza upya, akavuta, akasukuma, mpaka kwato zikachimba mitaro. Jua likatua. Hondohondo akaimba mstari wake wa mwisho, na Kiboko akapiga miayo, haaaa, kinywa kama mlango wa ghala.

Mama Digidigi akarudi nyumbani na mitaro yake tu ya kukumbuka.

Sasa, chini ya njia ile aliishi Fuko. Fuko ni mdogo, hana shingo, na macho yake ni ya kukisia. Lakini masikio! Kila siku alimsikia jirani yake akipita juu ya dari: tipu-tipu-tipu-tipu. Siku ile akasikia: tii... pu. Tii... pu. Akatoa pua nje.

"Jirani, mbona leo unakanyaga kama uliyebeba mlima?"

"Afadhali ningeubeba, kaka Fuko. Umenishinda."

Akamsimulia. Na Fuko, kadiri alivyosikia, ndivyo manyoya yalivyomsimama.

"Ati alichukua kunde?"

"Akachukua."

"Na chuma?"

"Amebaki nacho."

"Na benchi na mkanda?"

"Vyote anavyo."

"Na kioo?"

"Nacho."

"Hata kioo!" akafoka Fuko. "Na sura ile anajitazama nini? Sikubali! Nasema sikubali!"

"Kaka, wewe ni mdogo kuliko mimi. Utakinyanyua kile?"

"Nimesema nitakinyanyua? Nimesema sikubali."

Akarudi chini. Na toka hapo, aliyeweka sikio ardhini alisikia wimbo:

*Kwaru-kwaru, kwaru-kwa,*
*udongo huu ni wa nani?*
*Juu ni wa mwenye tumbo,*
*chini ni wa mwenye meno.*

Fuko alikuwa anahama. Anachimba nyumba mpya. Wapi? Hakumwambia mtu. Alichimba sebule pana, akalala humo, akala humo, akafagia humo, ikawa nyumba hasa ya kupokea wageni.

Kisha akabeba akiba yake yote, viazi vyote, mizizi yote, akashika njia ya dukani. Mama Digidigi akamkimbilia.

"Kaka, rudi! Kunde zangu zimekwenda. Hivyo viazi ndivyo tulivyobaki navyo wewe na mimi. Ukivipoteza, mvua itatukuta mifupa!"

"Nifuate, jirani. Uje na mwanao, mje na kikapu."

Wakafika. Fuko akasimama mbele ya Kiboko, kama kokwa mbele ya jabali.

"Nataka chuma."

"Cha nani?" akauliza Kiboko.

"Changu. Ndiyo kwanza naanza. Nipe kizito kuliko vyote."

Lo! Uwanda mzima ukaangua kicheko. Pimbi akacheka akajikalia mkia asiokuwa nao. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikalia chakara-chakara. Na ni nani hao? Ni wale wale walioibiwa! Ndivyo walivyo: wakiibiwa wao hulia, akija mwingine kuibiwa huleta viti. Jambo hili linanichoma, jamani, linanichoma kuliko Kiboko mwenyewe.

Fuko akangoja kicheko kiishe. "Bwana mkubwa, hebu nikumbushe sheria. Kikifika kwangu, changu?"

"Milele."

"Popote kwangu palipo?"

"Popote! Hata uwe umejenga mwezini."

"Kwa njia yoyote?"

"Kichwani, mgongoni, kwa ndoto. Utakavyo."

"Na kitakachofika pamoja nacho?"

Kiboko akacheka tumbo likatikisika, gubu-gubu-gubu. "Kitakachofika pamoja nacho kichukue! Hata nikiwa mimi mwenyewe!"

"Hondohondo umesikia?"

"Nimesikia, na wote wamesikia!"

"Basi kiweke hapa katikati, mbele ya benchi."

Kikawekwa. Fuko akakipapasa, akakinusa. "Hiki? Hiki si cha kumchezeshea mtoto? Ongeza."

"Kila kopo kwa kiazi," akasema Kiboko.

"Kiazi hiki hapa. Ongeza."

Akaongeza kopo, akachukua kiazi. "Ongeza." Akaongeza kopo, akachukua kiazi. "Ongeza." Viazi vikaisha, mizizi ikaisha, na duka zima la vyuma likawa limerundikwa mahali pamoja kama kichuguu. Mama Digidigi alikuwa amefumba macho.

"Safi," akasema Fuko. "Ngojeni nikafungue mlango nyumbani." Akaingia kwenye kitundu, akapotea.

Wakangoja. Jua likashuka. Wakangoja. Jua likazidi kushuka.

"Amekimbia!" akasema Kiboko. "Hata hivyo, hawa wadogo hawaaminiki." Akainuka, akalizunguka lile lundo, kisha, sikilizeni vizuri, akalikalia! Akaketi juu ya vyuma vya Fuko kwa makalio yake yote mawili, ili visisogee! Vimelipiwa! Ni mali ya mtu! Na muuzaji amevikalia!

Mnaona? Mnaona jinsi tamaa isivyoshiba hata ikishashiba?

Ndipo chini yake pakasikika kitu kidogo. Kwaru-kwaru. Kiboko akakunja sikio. Kwaru-kwaru, kwaru-kwa.

"Nini hicho?"

Fuko alikuwa anatafuna nguzo. Maana ile sebule mpya, ndugu zangu, ilikuwa chini ya duka! Alikuwa amechimba pote, akaacha nguzo moja tu ya udongo katikati, na sasa anaitafuna.

Kwaru... kwaru... krrra... PWAAA!

Uwanda ukafunguka. Vyuma vikazama, benchi likazama, kioo kikazama, lundo zima la chakula likazama, na juu yake akazama Kiboko, matako mbele. Akafika kifuani akakwama, dum! Kichwa na mikono nje, kilichobaki ndani. Vumbi likapanda hadi kwenye mdomo wa Hondohondo.

Kisha kutoka chini, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Karibuni nyumbani! Hondohondo, jua limetua?"

Hondohondo akatazama. "Bado liko juu kidogo."

"Basi imba."

Na Hondohondo ni dalali. Dalali huimbia mwenye mali. Akakohoa vumbi, akaimba:

*Kikifika kwako, chako milele!*

"Chuma kimefika?" akauliza Fuko.

"Kimefika!" wakajibu wanyama.

"Kunde zimefika?"

"Zimefika!"

"Kioo?"

"Kimevunjika, lakini kimefika!"

"Nitoeni!" akanguruma Kiboko. "Mimi ndiye mwenye duka!"

Fuko akatokea kwenye kitundu chake, akapangusa pua. "Tukutoe? Kwani wewe ni wa nani?"

Kiboko akafungua kinywa. Akakumbuka maneno yake mwenyewe. Akakifunga.

"Wa Fuko!" wakapiga kelele wanyama. "Wa Fuko milele!"

Basi Fuko akatoa chakula kwa njia ya pembeni. Kwanza kunde za Mama Digidigi, zikajaa kikapu. Kisha cha Pimbi, cha Nungunungu, cha Kakakuona. Alirudisha kila kitu, hata kwa waliocheka, ingawa hao aliwarudishia polepole. Kisha akasema:

"Mlitaka misuli. Seti kamili hii hapa, na hailipiwi. Leteni kamba."

Wakamfunga Kiboko kamba kifuani, na kila asubuhi wakaja kumvuta. Hiiii-yo! Hiiii-yo! Kiboko hakusogea. Lakini walioshika kamba, mabega yaliwatoka, vifua viliwatoka, mapaja yaliwatoka. Mama Digidigi miguu yake ikawa bado vijiti, lakini vijiti vya mpingo. Aliposhuka mtoni na mwanawe walisimama kwenye maji meupe, wakanywa wakatosheka, na aliyejaribu kuwasukuma alianguka yeye.

Mvua ikaja. Udongo ukalegea. Asubuhi moja wanyama wakavuta, hiiii-yo, na Kiboko akachomoka, chubwi, akakimbilia mtoni bila kutazama nyuma. Yuko huko mpaka leo. Mchana hatoki. Hutoa macho na pua tu, anachungulia kama mwenye mali yake yuko ukingoni. Huja kula majani usiku, akidhani Fuko amelala.

Na sasa funzo, maana ngano bila funzo wazee husema tumepoteza jioni. Funzo ni hili: anayeanza aanze na chuma chepesi, asidai kizito. Amheshimu mwenye duka, asiulizeulize sheria mara mbili. Na kuchimba chini ya nyumba ya mtu ni tabia mbaya sana.

Mnacheka nini? Hilo ndilo funzo!

Ngano yangu nimeitua hapo chini. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwake, ikifika ni yake milele. Ikimshinda aiache, hainidhuru. Lakini ule ugali mlionipa kabla sijaanza, huo, jamani, unabaki kwangu.