Siku Ngiri Alipopewa Ubosi

Jamani, masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yategeni, ngano iko mlangoni.
— Na ipite!

Alikuwako Ngiri, fundi hodari wa kuchimba. Kiangazi kilipokausha mto, wanyama wakaanza kuchimba kisima. Msimamizi wakamchagua Bi Pimbi, ambaye hata gotini kwa Ngiri hafiki.

Ngiri roho ikamuuma. "Mimi nipangiwe kazi na mwanamke? Tena kafupi hivi?"

Akajilaza kivulini. Wenzake kuona hivyo, nao wakatupa majembe. Lakini chungu kilipoepuliwa, wa kwanza nani? Ngiri! Gwagu, gwagu, gwagu, akala fungu lake na la jirani.

Watoto wa Swala walikuwa wameanza kulamba mawe kwa kiu. Bi Pimbi akamwendea Ngiri, wala hakugomba.

"Kaka, nimeshindwa. Cheo hiki chukua wewe."

"Nilijua tu!"

"Ila ujue desturi. Bosi hashiki jembe, na bosi anakula mwisho, watu wake wakishashiba."

Ngiri alisikia la jembe. Hilo jingine likampita.

Akapanda juu ya kichuguu, kifua mbele, wenzake wakaokota majembe. Hajakaa vizuri, Kobe huyo: "Bosi, Nungunungu kanichoma!" Akaamua ugomvi. Nyani huyo: "Bosi, udongo tumwage wapi?" Akamwonyesha. Nungunungu huyo: "Bosi, Kobe kaninunia!" Akambembeleza. Kichwa kikaanza kumgonga. Kumbe yule mama hufanya haya kila siku, tena anacheka?

Viazi vikaiva. Ngiri akanyanyuka mbio.

"Bosi mwisho!" wakaitika wote.

Wakala, wakalamba vidole. Ngiri alipofika, chungu kilikuwa kitupu. Akakwangua ukoko, kwaru, kwaru. Machozi yakamlengalenga.

Akamfuata Bi Pimbi. "Dada," akasema kwa sauti ndogo, na hajawahi kumwita dada, "chukua cheo chako. Nionyeshe pa kuchimba."

"Pale penye nyasi mbichi, bosi."

"Bosi ni wewe, bwana!"

Chaku! Chaku! Chaku! Mara maji hayo, bubu-bubu-bubujii! Watoto wa Swala wakajitosa na miguu yote. Bi Pimbi akafunua jani, akamsogezea Ngiri viazi alivyomfichia, vingali moto.

Ngano yangu imekunywa maji, imelala.
— Ilale salama!

Na funzo lake, wanaume wenzangu, ni hili: tusikubali kabisa kusimamiwa na wanawake. Tukikubali, kazi itakwisha mapema, tutashiba wote, na kijiweni tutakosa cha kulalamikia.