Chupa Isiyo na Mstari

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo, tutazihitaji baadaye. Leo nataka kwanza tukumbuke mafuta ya taa. Mzee Elinami ameanza kucheka, anajua ninakoelekea. Sisi tuliojifunza nyimbo za kwaya kwa mwanga wa karabai, kisha tukirudi nyumbani tunakuta koroboi inatusubiri mezani na moshi wake, harufu ile hatuisahau. Ukikutana nayo sokoni hata leo, unamkumbuka mama.

Basi, kulikuwa na rubani mmoja aliyekulia kwenye harufu hiyo. Alirusha ndege ndogo ya misheni iliyobeba wagonjwa kutoka vijiji vya bondeni. Na injini ya ndege ile, msishangae, ilitumia mafuta ambayo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa.

Adui wa mafuta hayo ni maji. Maji yakiingia kwenye injini, injini huzimika, na huko angani hakuna kando ya barabara pa kuegesha. Kwa hiyo kila asubuhi fundi wa ndege alikinga mafuta kidogo chini ya bawa kwa chupa ya kioo. Maji ni mazito, hukaa chini. Mafuta hukaa juu. Katikati unaona mstari. Fundi akiuona mstari alinuna, akamwaga, akakinga tena mpaka upotee. Kisha alimpa rubani chupa, naye badala ya kuitazama tu, aliinusa huku amefumba macho. Fundi alimtania sana, akamwambia kuwa marubani wenzake hunusa marashi. Rubani alijibu kwamba akinusa chupa ile huwa yuko jikoni kwa bibi yake, na bibi anasonga ugali.

Masika moja wakalala kijiji cha mbali. Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Mapipa ya akiba ya mafuta, ambayo hutakiwa kulazwa ubavu, wenyeji walikuwa wameyasimamisha wima ili yapendeze mbele ya wageni. Maji yakatuama juu ya vifuniko, yakapenya ndani taratibu. Asubuhi wakajaza ndege. Mgonjwa wao alikuwa mama mwenye uchungu tangu jana yake, mtoto amekataa kutoka, na hospitali iko ng'ambo ya milima.

Fundi akakinga, akainua chupa juani. Hakukuwa na mstari hata kidogo.

"Kapteni, leo yametakata kuliko siku zote," akasema. "Tuondoke."

Mume wa mgonjwa alikuwa ameshika mlango wa ndege. "Baba, mke wangu anakwisha. Mnangoja nini?"

Rubani akapokea chupa, na kwa mazoea akaipeleka puani. Akafumba macho, akalisubiri jiko la bibi. Halikuja. Akanusa tena. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, hakikuteleza.

"Fundi," akasema polepole, "leo sikufika nyumbani."

Mmeelewa, ndugu zangu? Chupa haikuwa na mstari kwa sababu haikuwa na mafuta. Yalikuwa maji matupu, toka juu hadi chini.

Wakamwaga, wakakinga, wakamwaga tena, na mume yule analia. Hatimaye mstari ukaonekana. Na fundi, aliyezoea kununa kila auonapo, siku hiyo alipiga magoti kwenye matope akamshukuru Mungu, maana mstari ulimwambia mafuta yamefika. Waliendelea mpaka chupa ikatoa harufu ya kwa bibi, ndipo wakaruka. Mama alifika salama, na mtoto akalia hospitalini kabla jua halijazama.

Sasa tuje kwetu. Zamani katika kanisa hili watu walikuwa wakitubu. Nakumbuka mama mmoja alisimama pale kwenye nguzo, akamwomba radhi jirani yake mbele yetu sote kwa sababu alimsengenya. Jirani akamwendea, wakakumbatiana, na sisi tukalia nao. Machozi yale nayatamani mpaka leo. Siku hizi nikiuliza nani ana la kutubu, naona mnatazama saa. Tumetakata. Lakini ni nani aliyeinusa chupa yake? Hatuoni mstari kwa kuwa sote ni mafuta, au kwa kuwa maji yamejaa mpaka shingoni, hakuna kilichobaki cha kuyaumbua? Ukiunusa moyo wako asubuhi hii, unafika nyumbani kwa Baba?

Na wewe uliyekaa kule nyuma umeinamisha kichwa, umeuona mstari moyoni mwako ukadhani hufai kuketi humu, usitoke. Mstari wako unasema mafuta bado yapo. Ninaowahofia ni sisi tuliokuja tumetakata.