Kuro na Sheria ya Chemchemi

Hadithi, hadithi!
Ije, ituketie.
Imetoka wapi?
Imetoka mbali, ikanywa maji njiani.

Kabla haijaketi, kitendawili. Boriti imebebwa na wengi. Akitoka mmoja yeyote, inaanguka. Nani aliyeibeba? Nimetegewa tangu utotoni, sijawahi kukitegua. Nimetoa miji hadi sina mji wa kutoa.

Basi. Hapo kale wanyama walikuwa na chemchemi moja. Humo walikunywa, humo walioga, humo walijigaragaza. Watoto wa wanyama wadogo wakaugua matumbo. Mama Digidigi, paa mdogo kuliko wote, alikuwa amezika wawili, amebaki na mmoja. Akaenda kwa Kuro, yule swala mkubwa asiyekaa mbali na maji, aliyekuwa akiwania uchifu.

Kuro akamwambia, "Dada, nikipata mimi, maji haya yatakuwa ya kunywa tu. Hakuna atakayetia mwili."

Akapata. Lakini alipataje? Kwao, kuamua jambo ni kusimama: wanaotaka upande huu wa mfereji utokao chemchemini, wasiotaka upande ule. Upande wa Kuro ulizidi kwa mmoja. Mmoja tu, wenzangu. Na kila aliyesimama kwa Kuro alijua kwamba huyo mmoja ni yeye.

Siku ya sheria wakasimama tena. Ngiri, mtu wa Kuro, akanyoosha mguu juu ya mfereji, kama anayetaka kuvuka. Akasema hana ugomvi na mtu, ila wao ngiri hula wamepiga magoti, na magoti huwaka moto. Wapiga magoti waruhusiwe. Kuro akautazama mfereji, akawatazama watu wake, akameza mate. Akakubali.

Nyati naye akanyoosha mguu. Alikuwa ameoa kwa kina Kiboko, waliosimama ng'ambo. "Mkubwa, nyumbani nitalala na nani? Waruhusu wenye miili mikubwa, jua likiwa kali." Na nchi ile, jua lilikuwa pole lini? Ng'ambo wakacheka. Kuro akautazama mfereji, akawatazama watu wake, akameza mate. Akakubali.

Nguchiro akanyoosha mguu wake mwembamba. "Mimi siombi kuoga, Chifu. Naomba tu atakayevunja sheria umtoe majini wewe mwenyewe, sisi tusigombanishwe na majirani."

Kuro akaona, angalau huyu kaomba jambo la heshima. Akakubali upesi, hata mate hakumeza.

Sheria ikapita, kwa mmoja. Vigelegele vikapigwa.

Msimcheke. Kila mtu aliomba kidogo. Ningekuwa mimi, sijui ningemkatalia yupi.

Asubuhi chemchemi ikajaa. Kina Ngiri wamo, kina Nyati wamo, na kina Kiboko walioikataa sheria nao wamo, wote wameruhusiwa. Pembeni, Mama Digidigi alikuwa amemtia mwanawe majini ampoze homa. Nguchiro akaenda kumwita Kuro, kwa adabu kabisa. "Chifu, kuna mtu mdogo majini."

Kuro akaingia, kichwa chini. Ngiri akampisha. Nyati akatazama kando.

"Kaka," Mama Digidigi akauliza taratibu, "hii ndiyo ile uliyoniahidi?"

Kuro hakuweza kumtazama usoni. "Ndiyo hiyo, dada."

Basi ikawa imeamuliwa kwamba wadogo wasitie mwili kwenye chemchemi. Aliyewatoa ni Kuro, kwa pembe zake mwenyewe: mtoto kwanza, kisha mama.

Hadithi nimeitua hapa. Imebaki boriti; mwenye bega aibebe.